Sina Pumu, Naogelea

Tangu nirudi Sumbawanga, hakuna aliyepita mbele ya cherehani yangu akaacha kuuliza, "Fundi, ulivuka?" Yasinta, ambaye tunashona chumba kimoja, ameuliza akiwa na pini mdomoni. Mteja wa sare za kwaya ameuliza hata kabla ya salamu. Mnataka ndiyo au hapana, na mnajua mimi si mtu wa maneno mengi mpaka nichokozwe. Sasa mmenichokoza. Nayaandika yote mara moja, Yasinta atawasomea wakati tunashona, na atakayeniuliza tena baada ya hapo nitamkatia suruali fupi.

Kwa wasiojua chanzo: mwaka jana nilitangaza kwamba nitaogelea kutoka kisiwa kilicho mbele ya Kipili mpaka ufukweni, Ziwa Tanganyika. Kuogelea nilijifunza ukubwani, nilipokuwa naishi Kigoma. Niliporudi nyumbani Kasense nikawa nafanya mazoezi kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wananitazama kwa huruma. Basi, mwaka jana nilifika katikati ya maji, pumzi ikaniishia, nikarudishwa ndani ya mtumbwi nimelala kama gunia la mahindi. Ndipo mkanibatiza Fundi Nusu.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jina la utani tu. Kwa fundi cherehani ni msiba. Mama mmoja aliniletea kitenge akasema, "Ila hili gauni ulimalize, lisije likawa nusu na lenyewe." Akacheka, nami nikacheka, na alipotoka nililia. Nilitaka kulivua jina hilo. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu, sikuwa na nyingine, na nawaomba mlikumbuke hilo mtakapofika kwenye habari za ugonjwa wangu.

Sumbawanga mpaka Namanyere

Kosa lilifanyika mapema, tena nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwenye basi niliketi na mama mmoja wa Muze, Mama Oresta, mfanyabiashara wa mchele. Anautoa mchele kule bonde la Rukwa, anaupeleka ziwani, na anarudi na samaki wakavu. Ni mtu mwema. Nasema hivyo sasa, nikiwa nimeshatulia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanimegea kipande cha muhogo wa kuchemsha, akaniuliza ninakwenda wapi.

"Kipili, mama. Kuna mwalimu atanifundisha kupumua."

Akaacha kutafuna. "Kupumua?"

"Ndiyo. Pumzi inanisumbua. Nikifika katikati inakata."

"Pole, mwanangu. Hiyo pumu ilikuanza lini?"

"Siyo pumu, mama. Ni kupumua. Ndani ya maji."

"Ndiyo, maji yanajaa kwenye mapafu," alisema, akanishika goti. "Nimewaona wengi."

Ningenyamaza hapo pengine mambo yangeisha. Lakini mimi nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuugua. Nikisema nakosa hewa, anatikisa kichwa. Nikisema mwaka jana walinitoa nikiwa hoi, anasema Mungu mkubwa. Nyuma yetu mtu akauliza nini kimetokea, akajibiwa, na kabla hatujaacha nyumba za mjini, basi zima lilikuwa na habari kwamba dada wa kiti cha dirishani ana pumu.

Kondakta akapaza sauti, "Jamani, fungeni madirisha, vumbi. Tuna mgonjwa."

Wakafunga yote. Humo ndani kulikuwa na watu, kuku, viatu vilivyovuliwa na galoni la mafuta ya taa ambalo mwenyewe alikuwa analikana. Joto likapanda, harufu ikapanda nayo, nami nikaanza kukohoa.

"Mnaona," alisema Mama Oresta.

Ndipo dawa zikaanza kutoka kila kiti. Asali ya nyuki wadogo. Tangawizi na kitunguu saumu, ila visichemshwe pamoja. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi alisema dawa ni kulala ubavu wa kushoto, na mkewe akasema huo ni ubavu wa moyo, ni kulia, wakabishana mpaka basi likapata pancha. Tairi la akiba nalo lilikuwa halina upepo. Tukashuka pembeni ya shamba la ulezi, upepo baridi wa Ufipa ukanipiga usoni, nikavuta hewa safi kwa raha niliyokuwa nimeisahau. Mama Oresta akanifunga khanga yake puani.

Wengine walitembea, walinunua ndizi, walipiga soga na dereva. Mimi nilikalishwa juu ya kiroba cha mchele na nikakatazwa kuinuka. Kila nikiinuka, mtu nisiyemjua ananiambia, "Kaa, dada, usijichoshe."

Namanyere, uji bila sukari

Tulifika Namanyere jua limeshapinda. Nilikuwa na njaa ya kweli. Kwa mama ntilie karibu na stendi kulikuwa na ugali wa ulezi, mweusi, bado unafuka moshi, na migebuka ya kukaanga imepangwa kwenye sinia. Nikaagiza. Mama Oresta akaikagua oda yangu kama daktari.

"Mafuta hayamfai huyu. Mpe uji. Sukari usiweke, inaleta makohozi."

"Mama, mimi nataka samaki."

"Utakula ukipona."

Mama ntilie alinitazama, akamtazama yeye, akaamua nani mwenye mamlaka. Nilikunywa uji mtupu huku Mama Oresta akichambua mgebuka mbele yangu, miiba pembeni, nyama kinywani. Sijawahi kumchukia mtu anayenipenda kiasi kile.

Akaniuliza kwa mdomo uliojaa, "Huko ziwani nani atakupeleka?"

"Kuna mtu anaitwa Idrisa, mwenye mtumbwi."

"Idrisa wa Kipili? Ah, huyo mteja wangu wa mchele."

Kabla sijaweka kikombe chini alikuwa na simu sikioni. Mnajua watu wetu wakipiga simu ya mbali wanavyopayuka, kana kwamba waya ni mabega ya mtu na sauti ndiyo ya kumtingisha. "Idrisa! Kuna mwanangu anakuja kwako, fundi wa Sumbawanga. Ana pumu mbaya. Umwangalie. Ukisikia anakoroma tu, usisubiri!"

"Mama, mwambie sina pumu."

Akaiziba simu kwa kiganja. "Wote husema hivyo mwanzoni," alinijibu kwa upole, akaendelea kupayuka.

Ningempokonya ile simu siku hiyo, ningewapunguzia ninyi kurasa hizi zote.

Kipili, beseni na mwarobaini

Mama Oresta alibaki Namanyere na viroba vyake. Barabara ya kushuka ziwani inakuvua nguo. Juu nilikuwa na sweta na khanga ya watu puani, chini nilifika na jasho mgongoni. Vijana kwenye kituo waliposikia nimetoka wapi na nimefuata nini wakaangua kicheko. "Dada, watu wa Sumbawanga si mnao ungo? Panda tu, uvuke kwa juu." Nimeusikia utani huo Kigoma, nimeusikia Mbeya, nimeusikia Dodoma kwa mtu ambaye hajui hata Sumbawanga iko upande gani. Nikamwambia ungo wangu uko kwa fundi.

Mwalimu wangu, Skola, alinipokea. Tulifahamiana Kigoma, siku hizi anafundisha michezo kwenye shule moja huko ziwani. Ana mabega mapana na hana huruma. Asubuhi yake ya kwanza hakunipeleka majini. Aliweka beseni la maji juu ya kigoda, pale pale mchangani, akaniambia nizamishe uso.

Nikazamisha. Nikabana pumzi. Nilipoinuka akasema, "Wewe mchoyo."

"Mimi?"

"Mchoyo wa pumzi. Umeificha kifuani kama mtu aliyeficha vitumbua. Halafu ukigeuka kupumua unataka uitoe ya zamani na uvute mpya, yote kwa kufumba na kufumbua. Muda huo haupo. Toa ukiwa chini, toa yote, kuvuta kutakuja kwenyewe. Hujasikia kutoa ni moyo?"

"Si utajiri," nikamalizia, kwa hasira.

"Basi toa. Na uvume kama nyuki, nisikie inatoka."

Nikaanza kuvuma ndani ya beseni. Mmmmmm, nageuza uso pembeni, navuta, narudi. Jirani yetu walikuwa kina mama wakianika dagaa. Waliacha kazi. Nilisikia mmoja akisema ndiye yule mgonjwa aliyepigiwa simu, na mwingine akasema ndiyo maana anafukizwa. Baada ya muda alikuja mama mtu mzima na tita la majani ya mwarobaini, akayatia kwenye beseni langu, akauliza mbona maji ni ya baridi. Skola alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa na jani la mwarobaini mdomoni na sikuona cha kuchekesha.

Tulipoingia ziwani mambo hayakuwa bora. Mtindo wenyewe ni wa kifudifudi, mkono mmoja baada ya mwingine, Skola anauita fristaili. Nilikuwa napumua kulia tu, tena kwa kuinua kichwa chote kama kuku anayekunywa maji. Kila kichwa kikipanda, miguu inashuka, na kila miguu ikishuka navuta mzigo wa mtu wa pili. Alinifundisha kutoinua kichwa kabisa, nigeuke na kiwiliwili chote, jicho moja libaki majini, mdomo nje kidogo tu. Mkono, mkono, mkono, pumua kushoto. Mkono, mkono, mkono, pumua kulia.

"Kwa nini nisipumue upande niliouzoea?"

"Kwa sababu mawimbi hayajakuzoea. Yakija upande huo utakunywa ziwa."

Nililinywa hata hivyo. Nilikunywa maji ya kutosha kijiji, nikamtukana Skola kimoyomoyo, nikarudi nyumbani kwake masikio yameziba na kina mama wa dagaa wakiniuliza leo kifua kinasemaje. Kisha asubuhi moja, nilipokuwa nimekata tamaa na nawaza jinsi nitakavyowaangalia ninyi usoni, niliacha kuipigania pumzi. Nikavuma mpaka kifua kikawa kitupu, nikageuka, na pumzi ikaingia yenyewe, bila kuitwa. Nikafanya tena. Nikaenda mbali bila kuhesabu chochote. Nilipotoka Skola alisema tu, "Sawa. Sasa nenda kisiwani," na siku ya kwenda akawa na zamu shuleni.

Kisiwani, na nusu ya pili

Idrisa alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye kofia ya kazi ya mkono iliyofifia rangi. Ndani ya mtumbwi wake aliweka blanketi, chupa ya chai ya tangawizi na khanga tatu.

"Kaka Idrisa, mimi sina pumu."

"Sawa," alijibu, vile mtu anavyomkubalia mlevi.

"Kweli. Nilisema kupumua, Mama Oresta akasikia pumu."

"Sawa, fundi."

Nikamwuliza habari za mamba. Akasema wanakaa kule mdomoni mwa mto, hapa hawaji. Alisema kwa uhakika wa mtu ambaye ameongea na mimi lakini hajaongea nao.

Tulifika kisiwani maji yametulia. Nikavaa miwani, nikamwambia jambo moja, na nililisema waziwazi: asiniguse. Atakaponigusa tu, safari imeharibika, kwa sababu hata nikibaki na hatua moja, kwenu itakuwa nusu. Akaitikia. Nikaingia.

Sitawaeleza sana kuogelea kwenyewe kwa sababu ndicho kitu pekee katika safari yote ambacho hakikunikera. Mkono, mkono, mkono, pumua. Ukiwa chini unasikia sauti yako mwenyewe ikivuma, ukigeuka unaona mbingu kipande, kasia la Idrisa, kisha unarudi chini. Pale nilipoishia mwaka jana nilipapita bila kupatambua. Nikaanza kuona nyumba. Nikaanza kusikia harufu ya dagaa, nikaona khanga za kina mama zikitembea ufukweni. Kiwimbi kimoja kikanipiga mdomoni, nikakohoa mara moja, nikarudisha uso majini na kuvuma kwa nguvu zaidi ili nijipange upya.

Mkono ukanishika kwapani. Nikanyanyuliwa. Kabla sijajua nimefanywa nini nilikuwa ndani ya mtumbwi, nimefungwa blanketi, kikombe cha tangawizi kinasukumwa mdomoni.

Maneno niliyomwambia Idrisa siwezi kuyaandika hapa, Yasinta anasoma kwa sauti. Nilimwambia nimetoka Sumbawanga, nimekunywa uji bila sukari, nimefukizwa kwa maji ya baridi, na yeye amenirudisha kuwa Nusu na ufuko nauona kwa macho. Nililia mbele yake bila aibu. Nikamwambia anirudishe kisiwani saa ile ile. Akaangalia maji, upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuyakunja, akakataa.

"Ulikuwa unakoroma," alisema.

"Nilikuwa navuma! Ndivyo tunavyopumua! Nimekwambia sina pumu, mara ngapi?"

Akapiga kasia kidogo, akaacha.

"Dada yangu Zaina alikuwa nayo," alisema. "Tulikuwa tunampeleka zahanati, kwa mtumbwi huu huu. Mimi napiga kasia, yeye yuko nyuma yangu. Namsikia. Sauti ilikuwa kama hiyo yako. Halafu ikanyamaza. Nikasema alhamdulillahi, amepata nafuu, amelala. Nikaendelea kupiga kasia."

Nikashika kikombe. Nikanywa ile tangawizi. Ufukweni kina mama wa dagaa wakanipokea kwa pole.

Kisiwani tena

Asubuhi iliyofuata nilimkuta anapanga khanga zake kwenye mtumbwi. Sikumwuliza kama atakwenda, naye hakuniuliza. Tukiwa njiani nilimwambia, "Kaka Idrisa, sikiliza. Nikivuma, mimi ni mzima. Hata nikivuma vibaya, niache. Ila ukisikia kimya, hapo usisubiri."

Akafikiri. "Kimya ndiyo mbaya?"

"Kimya ndiyo mbaya."

"Hiyo naielewa," alisema. Akaniomba nivume pale pale, ndani ya mtumbwi, aisikie vizuri. Nikavuma. Akanitaka nirudie.

Safari hii maji hayakuwa mazuri. Upepo uliwahi, mawimbi yakaja kutoka kulia, na nilishukuru mno kwamba Skola hana huruma, maana nilipumua kushoto karibu njia nzima. Mikono iliuma. Mara mbili nilitaka kushika mtumbwi. Lakini kila nikigeuka nilimwona Idrisa ameinama upande wangu, kasia limesimama, sikio limeelekezwa kwenye maji kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Nikawa naona haya kunyamaza. Nikavuma kwa ajili yangu na kwa ajili yake, mpaka vidole vikagusa mchanga.

Nikasimama. Maji yalikuwa ya kiunoni. Mbele yangu dagaa wameanikwa, nyuma yangu ziwa zima, na mimi nimelivuka. Nilitaka kupiga kelele na sikuweza kutoa hata mguno. Nilisimama tu.

Nyuma yangu kitu kikaanguka majini kwa kishindo. Ni Idrisa, na shati lake, na kofia yake, anakuja mbio kifua kikikata maji. Akanidaka mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kunivuta kuelekea mtumbwini.

Kina mama wa ufukweni waliona hivyo tu. Waliona anavyonivuta, wakapiga mayowe kwamba kamtoa tena, na mmoja wao ana simu, na Mama Oresta naye ana simu, ndiyo maana habari zilifika cherehanini kwangu kabla yangu. Sasa mnajua mlichosikia kimetoka wapi. Miguu ilitangulia mchangani, mkono ukafuata. Idrisa mwenyewe ni shahidi, ameapa kwa Mungu wake, na namba yake ninayo kwa mbishi yeyote.

Lakini wakati ule hakuwa anaapa.

"Mbona umenyamaza?" aliniuliza. "Fundi, mbona umenyamaza?"

"Nimefika, kaka. Nimesimama. Tazama."

Akatazama chini. Maji yalikuwa maangavu, akaiona miguu yangu mchangani, na yake pembeni. Hakuuachia mkono wangu.

"Basi vuma kidogo," alisema. "Nisikie."

Nikavuma, nimesimama wima, maji kiunoni, mbele ya Kipili yote.